"Ndiyo" ya mgonjwa mwenye hofu haitoshi kumpasua

Mhariri,

Ukurasa wako wa barua haukosi malalamiko juu ya madaktari wa upasuaji: hawasalimu, hawaelezi, hupita vitandani kama wanakimbizwa. Majibu ya upande wa pili nayo tumeyazoea: wapasuaji ni wachache, wagonjwa ni wengi, na kinachookoa maisha ni mkono wala si mdomo. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na naona pande zote mbili zinakosea jambo lilelile. Zote zinayachukulia mazungumzo kuwa ni adabu, kitu cha kuongezea muda ukibaki. Mazungumzo ya mpasuaji na mgonjwa wake ni sehemu ya upasuaji wenyewe. Yana wakati wake, kipimo chake na mtu anayepaswa kuyafanya, na yakikosewa yana madhara, kama ilivyo kwa dawa ya ganzi.

Mgonjwa aliyeandikiwa vidonge anaweza kurudi nyumbani, akavitazama, akavitupa. Wa upasuaji hana nafasi hiyo. Anavua nguo, anatoa meno ya bandia, anakabidhi fahamu zake kwa watu waliofunika nyuso, nao wanamfanyia jambo ambalo nje ya chumba kile lingepelekwa polisi. Hakuna binadamu anayeingia humo kwa hesabu tupu. Lazima amwamini mtu. Ndipo akili yake, hata akiwa mzee wa miaka 70 aliyelea watoto na wajukuu, inaporudi utotoni na kumfanya mpasuaji kuwa mzazi. Tunasikia kila siku: "Wewe ndiye daktari, wewe ndiye unayejua." Inasikika kama ridhaa, lakini mara nyingi ni hofu iliyosalimu amri. Chini yake yamelala maswali ambayo hayakuulizwa. Nitaamka? Nitaamka katikati, tumbo likiwa wazi? Watanitoa figo? Nitazaa tena? Nani ataniona uchi? Shilingi ngapi, na zikipungua?

Mtu aliye katika hali hiyo hujibu "ndiyo" kwa chochote. Hapo ndipo penye hatari.

Mpasuaji naye ana yake. Mashuka ya kijani hufunika mwili wote na kuacha dirisha dogo la ngozi. Kazi ya kwanza ya mashuka hayo ni usafi, lakini yana ya pili ambayo haisemwi: humsaidia mpasuaji asimwone mtu kwa saa mbili zile, maana mkono unaowaza watoto wa mgonjwa hautulii. Ni vizuri iwe hivyo. Shida huja mashuka yakishaondolewa na dirisha likabaki machoni, akaingia wodini asubuhi akiuliza, "Ile ngiri ya kitanda cha nne inaendeleaje?" na mwenye ngiri anamtazama.

Watu huuliza ushahidi uko wapi kwamba maneno yanatibu. Upo, na ni wa zamani. Mwaka 1964 Lawrence Egbert na wenzake wa Massachusetts General Hospital, Boston, walichapisha matokeo ya wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Wote walitembelewa na mtaalamu wa usingizi usiku wa kuamkia upasuaji. Karibu nusu yao waliongezewa maelezo: maumivu yatakuwa wapi, yatakuwa makali kiasi gani, yatadumu muda gani, na kwamba sehemu kubwa ya maumivu hayo ni misuli ya tumbo inayojikaza chini ya mshono, hivyo mgonjwa anaweza kuyapunguza mwenyewe kwa kuilegeza. Wakafundishwa kuvuta pumzi ndefu, kukunja magoti na kugeuka ubavu kwa nguvu za mikono bila kukaza tumbo. Madaktari waliowapasua hawakujua nani yuko kundi gani. Waliofundishwa walitumia takriban nusu ya dawa kali za maumivu zilizotumiwa na wenzao, na waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kwa wastani wa siku 2.7. Katika hospitali zetu, ambako chupa ya mofini huhesabiwa na kitanda kina mtu anayekisubiri, hiyo ni akiba kubwa kwa dakika chache za kusema.

Tazama pia walichosema. Hawakusema "usiogope." Neno hilo tunalitumia sana, nalo halina kazi. Mwanasaikolojia Irving Janis wa Chuo Kikuu cha Yale alieleza miaka ya 1950 kwamba mgonjwa mwenye hofu ya kadiri kabla ya upasuaji huelekea kuvumilia vizuri siku zinazofuata kuliko yule mwenye hofu iliyopita kiasi, na kuliko yule asiyeogopa kabisa. Asiyeogopa hakufanya kazi ya kuwaza kabla. Maumivu ya kawaida ya siku ya kwanza yakimfika huona amedanganywa, akakasirika, akakataa kusimama. Wanaofuata nyayo za Janis wamebishana sana kuhusu sehemu ya wasio na hofu, lakini yeyote wa wodini anamjua mgonjwa huyo kwa sura. Badala ya "usiogope," muulize: "Kati ya mambo yote ya kesho, lipi linakusumbua zaidi?" Kisha nyamaza. Jibu huwa dogo kuliko tulivyodhani, na hutatulika: anaogopa mpira wa mkojo, au hajui nani atamlea mtoto kwa siku tatu.

Sasa kiti. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, utafiti uliochapishwa 2012 uliwafuatilia wagonjwa 120 waliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Daktari alipowatembelea ameketi, walidhani amekaa nao zaidi ya dakika tano, wakati saa ilionyesha dakika moja na sekunde chache. Aliposimama alitumia muda mrefu kidogo zaidi, lakini wao walihesabu mfupi. Kuketi hakuhitaji bajeti. Anayesimama huku ameshika faili amekwisha kuaga kabla hajaanza.

Kwetu kuna jambo ambalo Kansas hawana. Mpasuaji wa miaka 35 akifika kwa mgonjwa wa miaka 70 na msururu wa wanafunzi, akaanza na "Mzee, hebu fungua shati," amemvunjia heshima mbele ya vijana. "Shikamoo mzee" inachukua sekunde mbili, na akishaitikia "marahaba" mzee huyo amerudishiwa nafasi yake ya mtu mzima anayeweza kuuliza na kukataa. Tunahitaji awe mtu mzima, kwa sababu mtoto hatuwezi kumwomba ridhaa. Na sauti nayo ipimwe. Mwaka 2002 Nalini Ambady na wenzake, Marekani, walichukua vipande vya sekunde kumi vya sauti za wapasuaji wakizungumza na wagonjwa, wakavichuja hata maneno yasisikike, ukabaki mtetemo wa sauti tu. Waliosikiliza waliombwa kukadiria sauti hizo, na wale waliosikika wababe zaidi, wasioonyesha kujali, ndio waliokuwa na historia ya kushtakiwa.

Mazungumzo ya jioni yanahitaji dakika kumi. Ayafanye yule atakayeshika kisu, asitume mwanafunzi. Afike jioni ya siku ya kabla, pazia livutwe, aketi macho yakiwa usawa wa macho ya mgonjwa. Ajitaje jina na kazi yake. Amuulize mgonjwa anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake, kabla hajamweleza lolote. Aeleze kwa kuonyesha na kidole juu ya ngozi: mkato utaanzia hapa, utaishia hapa, urefu kama kidole chako cha kati. Aseme mgonjwa ataamkia wapi, ataona nini mwilini mwake (mrija puani, mpira wa mkojo, chupa ya maji mkononi, mfuko wa kukusanyia damu kando ya kidonda) na kila kimoja kitatolewa lini. Mgonjwa akiona mrija ambao hakuambiwa, huamini kwamba upasuaji umeharibika.

Mwisho wa maelezo usimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo. Roy Kessels, mtafiti Mholanzi, aliandika mwaka 2003 kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ya kitabibu husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya yanayokumbukwa hukumbukwa vibaya. Muulize hivi: "Shangazi yako akipiga simu usiku huu akitaka kujua kesho unafanyiwa nini, utamwambiaje?" Akikosea, kosa ni la aliyeeleza, aeleze upya kwa maneno mengine, si kwa sauti kubwa zaidi. Kama mgonjwa anazungumza Kimasai au Kisukuma na Kiswahili chake ni cha sokoni, atafutwe mtu mzima wa kutafsiri. Mtoto wake asitumike, hasa habari ikihusu kizazi au tezi dume.

Kufunga kula peke yake kunastahili aya. Kanuni ni saa sita bila chakula, saa nne kwa maziwa ya mama, na saa mbili bila maji matupu au chai ya rangi, kwa sababu chakula kikirudi wakati koo limelegezwa na nusu kaputi, huingia mapafuni. Lakini katika Kiswahili muda wa saa sita na wakati wa saa sita hutamkwa sawa, na saa sita ziko mbili, ya mchana na ya usiku. Tumewapa wagonjwa fumbo kisha tunawagombeza asubuhi. Sema hivi: "Ukimaliza chakula cha jioni, usile kitu tena. Maji unaweza kunywa mpaka saa 12 asubuhi," kama anaingia saa 2. Na asubuhi usiseme "hujala, sivyo?" Anayeogopa kuahirishwa au kugombezwa atakubali kwamba hajala. Uliza: "Mara ya mwisho umeweka nini mdomoni, na saa ngapi?" Hapo utasikia habari ya uji. Na ratiba ikisogea, mtu mmoja awe na jukumu la kumwambia mgonjwa sababu. Aliyefunga tangu jana, akaambiwa saa 9 alasiri "utaingia kesho" na mtu anayepita mlangoni, amepoteza imani ambayo hatutairudisha kwa urahisi.

Hirizi pia. Chuma hakiingii, kwa sababu mashine ya umeme tunayotumia kukatia na kuzuia damu inaweza kuunguza ngozi chini yake. Lakini kuikata hirizi kwa mkasi na kuitupa kwenye ndoo ni kumvua mtu ulinzi wake dakika tano kabla ya kumlaza. Amkabidhi ndugu yake kwa mkono wake mwenyewe. Ikiwa ni ya kitambaa na iko mbali na mkato, inaweza kufunikwa kwa plasta ikabaki.

Fomu ya ridhaa huletwa na daktari mdogo zaidi, saa 4 usiku, mara nyingine ikiwa kwa Kiingereza, na kalamu imeshafunguliwa. Sahihi inayopatikana hivyo inailinda hospitali tu. Ridhaa ni mazungumzo, fomu ni kumbukumbu yake. Mpasuaji azitafsiri asilimia kuwa watu: "Kati ya watu 100 wanaofanyiwa hivi, wawili hupata usaha kwenye kidonda." Neno "hatari ndogo" kila mtu analisikia kwa ukubwa wake. Kwa upasuaji mzito wa mgonjwa dhaifu, Margaret Schwarze na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitunga njia nzuri: mpasuaji huchora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa kupasua na mwingine wa kutopasua, na kwa kila mmoja anasimulia mambo yakienda vizuri kabisa yatakuwaje, yakienda vibaya kabisa yatakuwaje, na yeye anadhani yataangukia wapi. Karatasi inabaki kwa mgonjwa. Schwarze huyohuyo ameonyesha kutoelewana kukubwa: wapasuaji wengi huamini kwamba mgonjwa aliyekubali kisu amekubali pia yote yatakayofuata, mashine ya kupumulia, kurudishwa mezani mara ya pili, wiki za uangalizi maalumu. Mgonjwa hajui kwamba ameahidi hayo. Yasemwe kabla.

Ndugu wahusishwe, maana kwetu mtu haugui peke yake na damu wanaichangia wao. Ila mgonjwa mwenyewe aulizwe kwanza, faraghani: "Ungependa nani awepo tukizungumza?" Mama mwenye uvimbe kwenye kizazi asisikie kwa mumewe kwamba kizazi kitatolewa.

Pagumu kuliko pote ni kukata mguu, na hapa naomba nisiharakishe. Mgonjwa wa kisukari ana kidonda ndugu, vidole vimekuwa vyeusi. Mpasuaji anaona kifo kinapanda. Mgonjwa haoni hivyo, na ana hoja: mguu hauumi. Tangu utotoni maumivu ndiyo yaliyomwambia kwamba kiungo kimeharibika, na sasa kisukari kimeua neva za hisia. Kwake ukimya wa mguu ni dalili ya nafuu. Anayemwambia mtu huyo "mguu huu unakatwa kesho," kwenye raundi, mbele ya wanafunzi kumi, hajatoa habari, ametoa hukumu. Usiku kitanda kinakuwa tupu. Anaenda kwa mganga au kwa fundi wa mifupa, na akirudi wiki mbili baadaye homa imempanda, na mkato ambao ungepita chini ya goti sasa unapita juu yake.

Njia iliyo bora ni ndefu kidogo. Muulize kwanza: "Wewe unauonaje mguu wako?" Kisha, kwa ruhusa yake, afumbe macho, aguswe kwa pamba mguu mzima halafu mbovu, aseme mwenyewe wapi anahisi na wapi hahisi. Aweke mkono wake alinganishe joto. Anapogundua kwa mkono wake kwamba mguu umekufa, umeshamaliza nusu ya mazungumzo bila kubishana. Sasa sema neno lenyewe mara moja, wazi: "Tunahitaji kuukata mguu huu, hapa," ukionyesha, takriban sentimita 12 hadi 15 chini ya goti. Usiseme "kuusafisha" wala "kuufupisha." Halafu nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi au ishirini. Wengi wetu tunashindwa hapo. Tunajaza kimya kile kwa maelezo ya viuavijasumu ambayo hakuna anayeyasikia. Akilia, alie. Swali lake la kwanza baada ya kimya ndilo la kujibu.

Eleza thamani ya goti: likibaki, kutembea kwa mguu wa bandia kunachosha kidogo sana kuliko mkato ukipita pajani, na sababu ya haraka ni kuliokoa goti hilo. Eleza kwamba mguu wa bandia hautavaliwa siku ya kuruhusiwa. Kidonda lazima kipone na kisiki kipungue uvimbe, jambo la wiki na mara nyingi miezi, na mpaka hapo kuna magongo. Wapo mafundi waliosomea kazi hiyo hapahapa nchini, chuo chao TATCOT kiko Moshi tangu 1981. Mwonye kwamba baada ya kukatwa anaweza kuhisi vidole ambavyo havipo vikiwasha au kuuma. Asipoonywa atadhani amerukwa na akili au amerogwa, na hatamwambia mtu. Maumivu hayo yana matibabu, mojawapo ni kioo: kinasimamishwa katikati ya miguu, mgonjwa anatazama taswira ya mguu mzima na kuuchezesha dakika 15 kila siku, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha maumivu yakipungua ndani ya wiki nne.

Na muulize juu ya mguu wenyewe utakwenda wapi. Swali hili hulala moyoni mwa wengi na halijibiwi na fomu yoyote. Familia nyingi, za Kiislamu hasa, hutaka kuuzika. Mwambie mapema kwamba utakabidhiwa kwa ndugu atakayemtaja, umefungwa kwa heshima, na utimize. Kama hali inaruhusu, mpe usiku mmoja afikirie, na urudi saa uliyosema utarudi. Ukichelewa saa tatu, kwake umeshakuwa mtu wa kutoaminika, na mtu huyo ndiye anayeomba mguu.

Asubuhi ya upasuaji, sisi wa mkoa wa Morogoro tuna la kujivunia. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19, ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, pamoja na London, Toronto, Seattle, Auckland, New Delhi, Amman na Manila. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Ina vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, kabla ya kutoka chumbani. Kituo cha kwanza humtaka mgonjwa mwenyewe, akiwa macho, athibitishe jina, mahali pa kupasuliwa na aina ya upasuaji. Kinavyofanyika ndipo kinapokufa. Mtu anasoma faili na kuuliza, "Wewe ndiye Juma, mguu wa kulia?" Juma au asiye Juma, anayetetemeka kwa hofu na baridi atasema ndiyo. Wasomaji wa Dar es Salaam hawajasahau mwaka 2007, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walipobadilishana, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Nairobi mwaka 2018 fuvu la mtu lilifunguliwa, wapasuaji wakatafuta damu iliyoganda ambayo ilikuwa kwenye kichwa cha mwingine. Swali sahihi ni "Niambie majina yako matatu," kisha "Nionyeshe kwa kidole tunapokupasua," na alama ya kalamu iwekwe pale anaponyooshea.

Mama anayejifungua kwa upasuaji akiwa amechomwa sindano ya mgongo yuko macho. Anasikia kila neno: simu, mabishano juu ya ligi, "damu nyingi hii" iliyosemwa kwa Kiingereza kwa kudhani hakielewi. Aambiwe kabla kwamba atahisi kuvutwa na kusukumwa, na uzito juu ya tumbo wakati mtoto anatoka, lakini hatahisi ukali wa kisu. Na kwamba kabla ya kukata tutagusa ngozi yake kwa pamba ya spiriti, na kama bado anahisi ubaridi aseme. Asipoambiwa, mvuto wa kwanza humfanya aamini ganzi imeshindwa. Akipiga kelele, mpasuaji hukasirika, na hasira ile ataikumbuka kuliko kidonda.

Baada ya upasuaji ndipo tunapowapoteza watu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, wa nchi 25 za Afrika, hospitali 247 na wagonjwa zaidi ya 11,000, uligundua kwamba hatari ya kufa baada ya upasuaji ni takriban mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wazima zaidi, na kwamba zaidi ya vifo tisa kati ya kumi vilitokea baada ya upasuaji kwisha. Sababu kubwa ni uchache wa watu wa kuangalia. Lakini sehemu yake ni ile "ndiyo." Mgonjwa anayemheshimu daktari kupita kiasi hataki kumsumbua. "Umeamkaje?" "Salama daktari." Tumbo limejaa, hajatoa upepo siku tatu, kigimbi cha mguu kimevimba, naye ni salama. Wengi wamelelewa kuvumilia, na kumwomba ataje namba kati ya sifuri na kumi hakumsaidii. Mwambie akohoe huku amekumbatia mto juu ya mshono, avute pumzi ndefu mara kumi mbele yako, ageuke. Asiyeweza ana maumivu yanayohitaji dawa, hata akisema hana.

Na upasuaji ukienda vibaya? Kuna dalili ambayo kila muuguzi anaijua: raundi huanza kupita haraka kwenye kitanda kimoja. Mshono wa utumbo umevuja, na mpasuaji, ambaye wiki iliyopita alikaa hapo akicheka na mgonjwa, sasa anasoma faili akiwa miguuni mwa kitanda. Si ukatili. Ni aibu na uchungu. Albert Wu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alimwita daktari huyo, mwaka 2000, mwathirika wa pili, baada ya mgonjwa. Lakini mgonjwa anasoma kutoroka kule kama kuachwa, na ndugu wanakusoma kama kukiri. Siku hiyohiyo tatizo linapojulikana, mpasuaji arudi kwenye kiti: "Kuna tatizo limetokea. Utumbo tulioushona umevuja. Pole sana. Leo tunafanya hivi, na jioni nitarudi." Kisha arudi jioni. Naye awe na mkubwa wa kuzungumza naye, maana anayekesha akijilaumu kesho atashika kisu kwa mgonjwa mwingine.

Wapo watakaosema imani ya mgonjwa inatosha, tusiisumbue kwa maswali. Waangalie Houston, Marekani. Mwaka 2002 Bruce Moseley na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 180 wenye goti lililolika. Baadhi walisafishwa goti kwa kamera, wengine walichanwa ngozi tu na kushonwa. Kwa miaka miwili hakuna kundi lililopata nafuu kuliko jingine. Imani katika mkono wa mpasuaji ina nguvu kiasi hicho. Kwa hiyo mgonjwa anayeamini anaweza pia kuridhia upasuaji asiouhitaji, akapona, na akashukuru.

Dharura haina dakika kumi. Kwa aliyegongwa na bodaboda, sauti moja tu kichwani pake, mtu mmoja aliyeshika bega lake akimwita kwa jina na kumwambia kila kinachofuata kabla hakijafanyika, inatosha.

Kwa waliobaki naomba hospitali zifanye hivi. Orodha ya wagonjwa wa kesho hubandikwa ukutani kila alasiri: jina, umri, wodi, aina ya upasuaji, mpasuaji. Iongezwe safu moja, ya jina la mpasuaji aliyeketi na mgonjwa na saa aliyoketi. Safu hiyo ikiwa tupu asubuhi, sisi wa mlangoni turuhusiwe kutompokea mgonjwa mpaka ijazwe.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji,
Morogoro